Gombe, Mei 1975: Mateka wanne, na swali la nani azungumze na mtekaji

Wanajukwaa, salaam.

Jina la Gombe likitajwa leo, wengi hukumbuka sokwe na marehemu Jane Goodall, na ni haki yao. Mimi nimekulia Ujiji, na wazee walionilea walikuwa na kumbukumbu nyingine ya mahali pale: usiku ambao watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire (Kongo ya leo), wakawachukua vijana wanne wa kigeni, wakarudi nao gizani. Utotoni niliidhani ni hadithi ya kututisha ili tusichelewe ufukweni. Baadaye nilipoanza kuifuatilia niligundua kwamba tukio hilo lilizigusa serikali nne, lilivuruga kazi ya balozi mmoja hodari, na lilifanywa na kundi la mtu ambaye miaka 22 baadaye aliapishwa kuwa rais wa nchi kubwa jirani yetu. Nimeona niliandike kwa kirefu, kwa sababu katika jukwaa hili tunapojadili historia ya nchi yetu mwaka 1975 hutajwa kwa reli ya TAZARA na uhuru wa Msumbiji, na Gombe hurukwa.

Nianze na mahali penyewe. Gombe ni ukanda mwembamba wa mabonde na misitu kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 16 kaskazini ya Kigoma mjini. Hakuna barabara ya gari inayofika. Mtu huenda kwa boti. Goodall alishuka hapo Julai 1960, eneo likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo chake cha utafiti kilikuwa kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, hivyo wanafunzi walikuwa wakija kwa zamu kujifunza tabia za sokwe na nyani. Waliishi katika vibanda vilivyotawanyika msituni, bila uzio na bila mlinzi mwenye bunduki. Ng'ambo ya pili ya ziwa, mahali ambapo kukiwa na anga safi milima huonekana kwa macho, ndiyo nchi ya Fizi na Baraka, upande wa Zaire.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wapatao 40 wenye silaha waliteremka kwenye ufuko huo. Kwa anayelijua ziwa letu hili si ajabu kwamba walifika bila kushtukiwa, maana vyombo vya wavuvi wa dagaa huwa majini usiku kucha na sauti ya injini haimshtui mtu. Waliwakamata wanafunzi wanne: wanawake wawili na mwanamume mmoja raia wa Marekani, na mwanamke mmoja raia wa Uholanzi. Siwataji majina, kwa kuwa walikuwa vijana wa masomo tu na wana haki ya kuachwa na maisha yao. Wanafunzi wengine waliponea msituni, na waliponea kwa sababu kulikuwa na Watanzania waliokimbia gizani kutoka kibanda hadi kibanda kuwaonya wasiitike wala kuwasha taa. Mfanyakazi mmoja wa kituo, Mtanzania, alipigwa kichwani kwa kukataa kusema Wazungu wengine wako wapi, na akapoteza usikivu wa sikio moja. Nitarudi kwa watu hawa mwishoni, kwa sababu kila simulizi ninayoisoma huwapitia juu juu.

Waliokuja ni akina nani

Lilikuwa kundi la PRP, Chama cha Mapinduzi ya Watu, lililoanzishwa mwaka 1967 na Laurent-Désiré Kabila. (Wasomaji vijana wasikichanganye na CCM yetu, iliyozaliwa Februari 1977.) Kabila alikuwa mmoja wa viongozi wa uasi wa Simba wa mwaka 1964 katika Kongo ya mashariki. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walipita Kigoma, wakavuka ziwa kwenda kumsaidia, wakakaa miezi saba hivi na kurudi wamekata tamaa. Mojawapo ya malalamiko ya Guevara lilikuwa kwamba Kabila alionekana mara chache mno kwenye uwanja wa vita. Uasi ule uliposhindwa, Kabila alijichimbia katika milima ya Fizi na kujenga eneo lake, lenye makao waliyoyaita Hewa Bora. Huko waasi walilima, wakauza dhahabu na pembe za ndovu, na kujitawala kama serikali ndogo, huku jeshi la Mobutu, rais wa nchi hiyo, likishindwa kuwang'oa.

Bila kulielewa hilo huwezi kuelewa kwa nini waliteka watu. Kufikia mwaka 1975 dunia ilikuwa imewasahau. Mobutu alikuwa ameizoea Ikulu, amebadilisha jina la nchi kuwa Zaire tangu 1971, na ni kipenzi cha nchi za Magharibi. Hakuna mwandishi wa habari aliyepanda milima ile. Na mtu aliyepitia uasi wa Simba alikuwa na somo moja la kutisha kichwani: mwaka 1964, waasi walipowashika wageni mjini Stanleyville, mji tunaouita Kisangani leo, dunia nzima iligeuza macho. Ubelgiji na Marekani zilituma ndege na askari wa miamvuli, damu nyingi ikamwagika, Afrika huru ikalaani uvamizi ule, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa ameongoza juhudi za usuluhishi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), akabaki amefedheheshwa. Naamini somo ambalo watu wa Kabila walilichukua ni kwamba Mzungu mmoja aliyeshikwa ana uzito kuliko vijiji mia vya Wakongo vilivyochomwa. Ni somo baya, na ninasikitika kusema kwamba yaliyofuata hayakulikanusha.

Baada ya siku chache mmoja wa mateka, mwanamke wa Kimarekani, alirudishwa Kigoma akiwa na madai yao: fedha zilizokaribia nusu milioni ya dola za Marekani, silaha, na kuachiwa kwa wanachama wa PRP waliokuwa wakishikiliwa Tanzania.

Serikali nne na mlango mmoja

Tazameni madai hayo yalivyopangwa. Fedha zilidaiwa kwa wageni, lakini wafungwa na silaha vilidaiwa kwetu. Yaani Tanzania, ambayo mipaka yake ndiyo iliyovunjwa na ambayo hakuna raia wake aliyetekwa, ndiyo iliyotakiwa kutoa kilicho kigumu zaidi.

Mwalimu Nyerere alikuwa njia panda. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Vyama vya ukombozi kama FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, ZANU ya Zimbabwe na vinginevyo vilikuwa na ofisi na kambi nchini. Katika wiki hizo hizo za utekaji, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ilikuwa inapandisha bendera yake baada ya vita ambayo Tanzania iliibeba mgongoni kwa takriban miaka kumi. Kabila naye alikuwa amepata kuishi na kupita Dar es Salaam kama mpigania ukombozi miongoni mwa wapigania ukombozi. Sasa mgeni yule yule alikuwa amevamia nyumba ya mwenyeji. Kuwaachia wafungwa kungekuwa kukiri kwamba yeyote mwenye boti na bunduki anaweza kuiamuru serikali ya Tanzania. Kutoa silaha kungekuwa kutangaza vita dhidi ya Zaire, nchi mwanachama mwenzetu wa OAU ambayo serikali yake tuliitambua, tupende tusipende. Serikali ilikataa kuwa mlipaji wa madai hayo, na mimi ninaona ilikataa kwa haki.

Zaire nayo ilikuwa na aibu yake. Kushughulikia suala hilo kwa sauti kubwa kungekuwa kukiri kwamba kuna kipande cha nchi ambacho Mobutu hakitawali. Zaidi ya hapo, mwezi Juni 1975 Mobutu alimfukuza balozi wa Marekani mjini Kinshasa, Deane Hinton, kwa tuhuma kwamba Wamarekani walihusika na njama ya kumpindua. Kwa hiyo mlango wa Kinshasa, ambao siku za kawaida ungekuwa wa kwanza kubishwa na Washington, ulifungwa wakati ule ule ulipohitajika.

Uholanzi ilikuwa na raia mmoja mikononi mwa waasi na haikuwa na jeshi wala ushawishi katika ziwa letu.

Ikabaki Marekani, na hapa naomba tuvute subira kidogo, kwa sababu hapa ndipo mgogoro ulipoota pembe.

Machi 1973, wapiganaji wa Kipalestina wa kundi la Septemba Nyeusi waliuteka ubalozi wa Saudi Arabia mjini Khartoum wakati wa hafla, wakawashika wanadiplomasia. Rais Nixon alitamka hadharani kwamba Marekani haitalipa kwa vitisho. Balozi Cleo Noel na naibu wake George Curtis Moore waliuawa, pamoja na mwanadiplomasia wa Ubelgiji. Tangu hapo msimamo wa kutojadiliana na watekaji ukawa sera, na Henry Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje, aliulinda kwa ukali. Ongezeni kwamba Saigon ilikuwa imeanguka tarehe 30 Aprili 1975, na tarehe 12 Mei, wiki moja tu kabla ya Gombe, Wakambodia waliikamata meli ya mizigo ya Kimarekani iitwayo Mayaguez. Safari hiyo Washington ilituma wanajeshi. Wapatao 40 wakafa katika operesheni ya kuwaokoa mabaharia ambao idadi yao haikuzidi hiyo. Serikali iliyokuwa na jeraha la namna hiyo haikuwa tayari kuonekana ikibembelezana na waasi wa milimani kwa ajili ya wanafunzi wanne.

Balozi Carter

Ndugu mmoja hapo chini ameuliza: kama Tanzania ilikataa na Marekani ilikataa, mateka waliachiwaje? Swali zuri, na jibu lake lina jina la mtu.

Balozi wa Marekani mjini Dar es Salaam tangu 1972 alikuwa W. Beverly Carter, Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia katika utumishi wa nje. Wazazi wa vijana walianza kufika Dar es Salaam. Alifika pia Profesa David Hamburg wa Stanford, ambaye mpango ule wa wanafunzi ulikuwa chini yake. Hawa hawakuwa na sera ya kuilinda. Walikuwa na watoto wa kuwatoa milimani, na walijua kwamba mkono mtupu haulambwi. Wajumbe wa waasi nao walifika Dar es Salaam. Carter angeweza kuwafungia familia zile mlango, akaandika barua ya pole na kurejea mezani kwake. Badala yake ubalozi ulisaidia wazazi na wajumbe wakutane na wazungumze.

Fedha taslimu zikatolewa na upande wa familia, chini sana ya kiasi kilichodaiwa mwanzo. Mwishoni mwa Juni wanawake wawili waliobaki wakarudishwa. Wazazi walitarajia kwamba wote watatu wangerudi pamoja. Yule kijana wa kiume akabakizwa, kwa kuwa madai ya kisiasa yalikuwa hayajatimizwa. Jaribuni kuifikiria hali ya mama aliyesimama Kigoma akiwaona wa wenzake wanashuka na wa kwake hayupo. Aliachiwa mwishoni mwa Julai, baada ya zaidi ya miezi miwili porini. Wote wanne walirudi hai.

Mtu angetarajia Carter apongezwe. Kissinger alimwita arudi nyumbani, na mpango wa kumpeleka kuwa balozi wa Denmark ukafutwa. Kosa lake lilikuwa kuhusika na mazungumzo ambayo sera ilikataza. Jambo hilo lilizua kelele mjini Washington: wabunge weusi wa Bunge la Marekani, miongoni mwao Charles Diggs aliyefahamika sana kwa kufuatilia mambo ya Afrika, walimtetea, na wanadiplomasia wenzake wakaliona kama onyo kwa kila balozi atakayethubutu kutumia busara yake. Kissinger alilegeza kamba, na mwaka 1976 Carter akapelekwa Liberia kuwa balozi.

Kwa mchangiaji aliyesema Carter alistahili adhabu

Nimesoma hoja yako mara mbili, ndugu yangu, na nakiri ina uzito. Unasema kwamba kila dola iliyolipwa Hewa Bora ilikuwa mbegu ya utekaji mwingine, na kwamba serikali haiwezi kuwa na sera inayovunjwa kila mzazi anapolia. Ni kweli kwamba fedha zile ziliingia katika mfuko wa kundi lenye silaha. Ni kweli pia kwamba kundi hilo halikufa. Lilishambulia mji wa Moba mwaka 1984 na tena 1985.

Hata hivyo naomba uangalie jinsi sera ilivyofanya kazi yenyewe, kwa maana kutojadiliana kulibaki neno la kwenye karatasi. Marekani haikuzungumza, lakini raia wake walizungumza katika mji ambao ubalozi wake ulikuwapo, na serikali ilijua. Tanzania haikuzungumza, lakini wajumbe wa waasi walifika katika jiji lake kuu. Zaire haikuzungumza kabisa, na ndiyo iliyokuwa na wajibu mkubwa zaidi, kwani mateka walikuwa katika ardhi yake. Kila mmoja alimwachia mwingine mzigo, hadi mzigo ukaangukia kwa wazazi na kwa mtu mmoja ambaye cheo chake kilimruhusu kusaidia. Kisha huyo aliyesaidia ndiye akaadhibiwa. Kama serikali ya Marekani iliamini kwa dhati kwamba mazungumzo yale yalikuwa hatari, ilikuwa na wiki kadhaa za kuyazuia wakati yakiendelea. Ilingoja vijana warudi salama, kisha ikatafuta wa kumlaumu. Hilo ndilo ninaloshindwa kulikubali.

Na kwa upande wetu, naomba tusijiweke kando kama watazamaji. Mimi namheshimu Mwalimu, na nimeandika hapo juu kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Lakini tulikuwa tumewafungulia milango wapiganaji wa kila namna bila kuweka tofauti iliyo wazi kati ya chama kama FRELIMO, chenye nidhamu, sera na watu nyuma yake, na kundi la milimani linaloishi kwa dhahabu na magendo. Waliolipia kutoweka tofauti hiyo usiku ule walikuwa wafanyakazi wa Gombe, waliovamiwa, mmoja wao akipigwa, katika nchi yao wenyewe, ndani ya hifadhi ya taifa lao.

Yaliyofuata

Kabila aliendelea na maisha yake, mara milimani, mara Dar es Salaam. Mwaka 1996 vita vilipolipuka mashariki ya Zaire alijitokeza akiwa msemaji kisha kiongozi wa muungano wa AFDL, ukiungwa mkono na Rwanda na Uganda, na tarehe 17 Mei 1997, siku mbili pungufu ya kutimia miaka 22 tangu usiku wa Gombe, alijitangaza rais. Januari 2001 aliuawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Katika miaka ile ya urais wake wageni wengi mashuhuri walimpa mkono Kinshasa, wakiwamo Wamarekani, na sina shaka kwamba waliokuwa na kumbukumbu walikumbuka.

Gombe nako mambo yalibadilika kabisa. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na ushirikiano na Stanford kwa namna ile ya awali ukaisha. Goodall mwenyewe kwa muda hakuweza kukaa kituoni kama zamani. Mumewe wakati huo, Derek Bryceson, mkurugenzi wa hifadhi za taifa, alisaidia kituo kisifungwe. Aliyebaki msituni kila siku, kuanzia alfajiri hadi sokwe walipojenga viota vyao vya kulala, alikuwa Mtanzania kutoka vijiji vya ufukweni. Watu kama Hilali Matama, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo na Yahaya Almasi waliwafuata sokwe kwa miguu na kuandika kwa Kiswahili walichokiona.

Na walichokiona kilikuwa kikubwa. Kati ya 1974 na 1978 kundi la sokwe la Kasakela liliwaangamiza mmoja baada ya mwingine sokwe wa Kahama, waliokuwa wamejitenga nalo na kuhamia kusini. Ni moja ya mambo yaliyobadilisha kabisa fikra za wanasayansi kuhusu sokwe, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikusanywa na hao Watanzania katika miaka ambayo wageni walikuwa wameondoka kwa sababu ya utekaji. Dunia ilisoma matokeo hayo kwa Kiingereza, nayo daftari za mwanzo zilikuwa za Kiswahili cha Kigoma.

Ndiyo maana nimeufungua uzi huu. Habari za mateka wanne zimeandikwa, za balozi zimeandikwa, za Kabila zimejaa makabati. Waliokimbia gizani kuwaonya wenzao, na aliyepigwa hadi sikio likafa, walikuwa na wake, waume na watoto, na wajukuu wao wako Mwamgongo, Bubango, Mtanga na Kigoma mjini hadi leo. Kama kuna mwanajukwaa ambaye babu au bibi yake alikuwapo Gombe mwezi ule wa Mei, au alikuwa mvuvi katika mwalo wa jirani, au alikuwa askari au mtumishi wa serikali Kigoma wakati wajumbe na wazazi walipokuwa wakipita, namwomba aandike hapa alichosimuliwa, hata kikiwa kifupi. Nitasoma kila mchango na kujibu.